Shule ya Kifaransa au ya Kiingereza? Tuzungumze, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Ottawa, barua yako nimeisoma yote, hata ile aya uliyoikata kwa kalamu. Unasema mmefika kutoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, na watoto watatu: binti wa miaka 15, wa kati wa kiume miaka 11, na kitindamimba wa miaka 6. Shangazi yao aliyeko Toronto anasema wapeleke Kiingereza, ndiyo lugha ya kazi. Mchungaji anasema Kifaransa, kwa kuwa watoto wengi wa kanisani wako huko. Jirani yako Mrundi naye anakusifia kitu anachokiita imasheni, na wewe hujui kama ni shule au ni dawa ya meno. Mwisho umeniuliza: "Dada, nisaini wapi?"

Usisaini kwanza. Na ukifika wakati wa kusaini, usiwajumlishe wote watatu kwa sababu tu wametoka tumbo moja. Hawa ni watoto watatu wenye safari tatu tofauti za kusoma.

Nianze na ramani, maana mji wenu una vituko vyake. Ukivuka daraja la mto Ottawa unaingia Gatineau, na hapo uko Quebec. Kule sheria ya lugha ya mwaka 1977, ile watu wanayoiita Sheria 101, imeshakuamulia: mtoto wa mhamiaji anaingia shule ya Kifaransa, kasoro wachache wenye vibali maalumu. Ukibaki upande wa Ottawa uko Ontario, na hapo kuna bodi nne za shule zinazolipiwa na serikali katika mji mmoja: ya Kiingereza ya umma, ya Kiingereza ya Kikatoliki, ya Kifaransa ya umma na ya Kifaransa ya Kikatoliki. Zote hazina ada. Kwa hiyo mama mwenye nyumba Gatineau haulizwi, na mama mwenye nyumba mwendo wa dakika kumi kutoka hapo anaulizwa mpaka anaumwa kichwa.

Shule ya Kifaransa Ontario ina jambo lake. Katiba ya Kanada, katika Mkataba wa Haki wa mwaka 1982, kifungu cha 23, inawapa haki ya shule hizo raia waliokulia katika Kifaransa au waliosomea elimu ya msingi kwa Kifaransa humo Kanada. Wewe bado si raia, kwa hiyo unapita mlango wa kamati ya kupokea wanafunzi: mkuu wa shule, mwalimu na afisa wa bodi. Usiogope neno kamati. Familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na nchi nyingine za Afrika zinazosoma kwa Kifaransa zimepita hapo. Na jambo ambalo watu hawakuambii: mtoto akisoma msingi kwa Kifaransa huko Ontario, kisha akawa raia, haki hiyo anakuwa nayo kwa ajili ya watoto wake. Unamfungulia mlango mjukuu ambaye hajazaliwa.

Hiyo imasheni ya jirani ni kitu kingine kabisa. Iko ndani ya shule za Kiingereza. Ilianza mwaka 1965 huko St. Lambert, karibu na Montréal, wazazi wa Kiingereza walipotaka watoto wao wafundishwe masomo kwa Kifaransa tangu chekechea. Kwa hiyo watoto darasani wengi wanaongea Kiingereza wakicheza, na mwalimu anajua kwamba Kifaransa ni kigeni kwao. Shule ya Kifaransa yenyewe inachukulia kwamba Kifaransa ndiyo hewa ya jengo, hata ofisini na kwenye korido. Ukisikia mtu anachanganya hizo mbili, ushauri wake uuweke kando.

Haya, binti wa 15. Huyu amesoma Nyarugusu, na shule za Wakongomani kambini zinafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Hesabu anazijua kwa Kifaransa. Biolojia, hata kama kitabu kilikuwa kimoja kwa benchi zima, aliisoma kwa Kifaransa. Ukimtia shule ya Kiingereza leo, mwalimu wa sayansi atamwona kama mtoto asiyejua kitu, kumbe anajua ila hana mlango wa kutolea. Amebakiwa na miaka michache tu ya sekondari, na muda ndio mali yake adimu kuliko zote. Mimi ningempeleka shule ya Kifaransa, na Kiingereza atakipata. Ottawa nzima itamfundisha, kuanzia basi mpaka dukani. Ingekuwa mmetoka Nakivale kule Uganda, au Kakuma kule Kenya, ambako wakimbizi wanafundishwa kwa Kiingereza, ningekujibu kinyume chake bila kusita. Ndiyo maana ushauri wa kanisani ni mgumu: mama mmoja ametoka Kigoma, mwingine Nakivale, wote Wakongomani, wote wanasali pamoja, na watoto wao hawafanani hata kidogo.

Na vile vikaratasi vya shule mlivyobeba kutoka kambini, vyenye muhuri uliofifia, usivitupe. Diploma ya Ontario inahitaji krediti 30, na mkuu wa shule ana mamlaka ya kumhesabia binti yako krediti kwa masomo aliyokwisha kuyafanya. Muulize moja kwa moja. Wengi hawaulizi, mtoto anaanza na sifuri mkononi.

Wa miaka 11 ndiye wa kujadiliana naye. Muulize mwenyewe anasoma nini kwa raha. Kama Kifaransa chake kimeshika, amfuate dada yake. Kama alikuwa anahudhuria shule siku moja anakosa tatu, basi lugha si shida yake ya kwanza. Ana mapengo ya kusoma na kuandika. Shule za Kifaransa zina programu ya wageni wapya, inaitwa PANA, na za Kiingereza zina ELD, ambayo ni tofauti na ESL ya kawaida. ESL ni kwa mtoto aliyesoma vizuri kwa lugha nyingine. ELD ni kwa mtoto ambaye vita au safari vilimkatizia shule. Hapo usione haya kueleza ukweli. Ukisema "amesoma vizuri tu" ili kulinda heshima ya nyumba, atawekwa pasipomfaa.

Kitindamimba atasoma popote. Ana miaka 6, mpeleke waliko ndugu zake, upunguze mbio za asubuhi kwenye baridi.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo lenyewe, maana kuchagua shule ni wiki moja, lakini hili ni miaka.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, utamsikia mwanao wa kati akiongea na wenzake kwa kasi mpaka ushangae. Atakuwa anakusomea barua za benki, anabishana na fundi wa simu, anamcheka baba yake anavyotamka. Hapo ndipo wazazi wetu wanapumua. "Ameshajua, Mungu ni mwema." Na hapo hapo shule nayo inaweza kupumua na kumwondolea msaada.

Jim Cummins, profesa wa Toronto, alipitia takwimu za wanafunzi wahamiaji wa mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaonyesha kitu ambacho kila mzazi wa ugenini angebandika kwenye friji: lugha ya kuongea uwanjani inakuja ndani ya miaka kama miwili, lakini lugha ya kitabu, ile ya kueleza kwa nini mvua inanyesha au kwa nini vita fulani vilianza, inachukua miaka mitano hadi saba kumfikia mtoto aliyezaliwa nayo. Mitano hadi saba! Hesabu mwenyewe. Aliyefika na miaka 6 anafikia wenzake kabla ya sekondari. Aliyefika na 11 anawafikia akiwa karibu kumaliza. Aliyefika na 15 hana miaka hiyo kabisa, ndiyo maana nimesema binti abaki na lugha aliyokwisha kuanza nayo kusoma.

Utafiti wa Montréal unaimba wimbo huo huo. Marie Mc Andrew wa Chuo Kikuu cha Montréal alifuatilia kwa miaka mingi wanafunzi wenye asili ya uhamiaji katika shule za Quebec, na kilichojitokeza ni kwamba wanaoingia mfumo wakiwa sekondari, hasa wakiwa nyuma ya darasa la umri wao, ndio wanaopata shida zaidi kufikia diploma. Waliozaliwa huko wanaendelea vizuri, na wengi wanafululiza hadi cégep, kile chuo cha Quebec cha baada ya sekondari. Kwa hiyo mtu akikuambia "watoto wa wahamiaji Kanada wanafanya vizuri", anasema kweli. Hata mitihani ya kimataifa ya PISA imeonyesha mara kadhaa kwamba Kanada ni kati ya nchi ambako wahamiaji na wenyeji hawaachani sana kwa kusoma. Lakini wastani huo umechanganya mtoto wa daktari aliyefika kwa ndege na viza ya ujuzi na mtoto aliyezaliwa chini ya turubai Nyarugusu. Wastani haukai mezani kwako kufanya homuweki.

Basi fanya hivi. Usimpime mwanao kwa mdomo wake. Mpe ukurasa wa kitabu cha sayansi asome, kisha akueleze kwa Kiswahili kilichomo. Akikwama kwa Kiswahili pia, jua hajaelewa, hata kama ameusoma bila kugugumia. Nenda kwa mwalimu na mfano huo mkononi.

Na ukienda, omba mkalimani wa shule au mfanyakazi wa makazi anayehudumia familia mpya shuleni. Ontario wapo, wanaitwa SWIS kwa upande wa Kiingereza. Mtoto asikutafsirie kikao kinachomhusu mwenyewe. Mwalimu ataongea dakika saba kwa uso wa huzuni, naye atakugeukia aseme, "Mama, anasema naendelea vizuri."

Kwetu mwalimu ndiye mwenye shule, mzazi akiitwa anajua kuna kosa. Huko ukikaa kimya wanaandika kwamba huna la kusema. Na ukimya huo una gharama kwa watoto wetu weusi kuliko wengine. Profesa Carl James wa Chuo Kikuu cha York alitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu bodi kubwa ya Toronto: wanafunzi weusi waliokuwa kwenye mkondo wa masomo ya kitaaluma walikuwa asilimia 53, na weupe asilimia 81. Waliobaki wengi walikuwa mkondo wa chini, na wengi wa wazazi wao, naapa, hawakujua kwamba kulikuwa na mikondo.

Ontario ilifuta mikondo ya darasa la 9 kwa masomo yote kufikia Septemba 2022. Vizuri. Lakini inarudi darasa la 10, na darasa la 11 ndiyo kabisa. Nikufundishe kusoma karatasi ya kozi, ni rahisi kuliko risiti ya umeme. Kila kozi ina alama ya herufi na tarakimu. Angalia herufi ya mwisho. Darasa la 10, D ni ya kitaaluma, P ni ya vitendo. Darasa la 11 na 12, U inaelekea chuo kikuu, C inaelekea chuo cha ufundi na fani, E inaelekea kazini moja kwa moja. Mtoto anayetaka chuo kikuu lazima afike ENG4U, au FRA4U katika shule ya Kifaransa. Ukiona E kwenye kozi za binti yako naye anasema anataka kuwa nesi, vaa koti uende kwa mshauri wa masomo siku hiyo hiyo. Sisemi C au E ni aibu, mafundi bomba wa Ottawa wana nyumba kunishinda. Nasema achague yeye, asichaguliwe.

Kiswahili nyumbani? Endelea nacho, hata mwalimu akikushauri kwa upole uache. Kinachoeleweka kwa lugha moja kinahamia nyingine. Hilo pia limo katika kazi za Cummins. Na mkiwa wazazi wa wanafunzi 25 mnaweza kuiandikia bodi iwaanzishie darasa la Kiswahili la nje ya saa za kawaida kwa watoto wa msingi. Kwaya yenu pekee inatosha.

Namalizia na kaka wa Gatineau, aliyeuliza kuhusu kijana wake wa miaka 17 aliyepangiwa kituo cha elimu ya watu wazima. Kaka, hukuonewa. Quebec, haki ya shule ya kawaida ya vijana inakoma mwisho wa mwaka wa masomo anaotimiza miaka 18, kwa hiyo wanaofika wakubwa hupelekwa huko mapema. Diploma ya sekondari anaweza kuipatia kituoni, ila hakuna kengele wala mwalimu wa kumfuata akikosa. Kijana mpole hupotea kimyakimya. Ontario anaweza kukaa sekondari hadi 21. Kabla hujatafuta lori la kuhama, uliza mambo mawili: kituoni watampima lini na kumweka ngazi gani, na shule ya Kifaransa ya Ottawa itamhesabia krediti ngapi. Wakikuambia amebakiza krediti kama 12, hama hata kama kodi ya nyumba itapanda. Wakikuambia anaanza na zote 30, abaki kituoni, umwamshe wewe asubuhi. Na nyote wa upande wa Ontario, karatasi za kuchagua kozi za mwaka ujao kwa kawaida hutolewa kati ya Januari na Machi. Zitakuwa kwenye kompyuta ya mtoto, si kwenye begi. Mwambie akufungulie, muangalie pamoja herufi ya mwisho.