Katika Njia Panda: Nani Alipe, na Alipe Kiasi Gani?



Ajali ikitokea kwenye njia panda ya karibu na soko, watu wanakimbia na hukumu yao iko tayari: "Mkubwa ndiye mwenye kosa!" Kamyo ikigonga pikipiki, kamyo ilipe. Pikipiki ikigonga kinga, motari alipe. Mimi pia nilikuwa nafikiri vile. Lakini sheria haiulizi nani mkubwa. Inauliza: kila mutu alifanya nini, na aliacha kufanya nini?

1. Sheria inafundisha nini

Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni ingali inatumika hapa kwetu. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mwenye kumuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima aitengeneze. Kifungu cha 259 kinaongeza: si kwa tendo tu, lakini hata kwa uzembe na kwa kukosa uangalifu. Basi, mutu anaweza kuwa na deni juu ya jambo ambalo hakulitaka hata kidogo.

Tena iko sheria ya barabara ya 30 Agosti 1978. Kongo tunapita mkono wa kuume. Kwenye njia panda isiyo na polisi, wala taa, wala alama, anayetoka upande wako wa kuume ndiye anapita kwanza. Lakini haki ya kupita kwanza si ruhusa ya kufunga macho. Kila mmoja anapaswa kukaribia njia panda kwa uangalifu.

2. Namna ya kugawanya

Juji anatafuta mambo matatu: kosa, hasara, na kifungo kati yao. Motari asiye na karatasi ana kosa mbele ya polisi. Lakini kama kukosa karatasi hakukuleta ile ajali, hakumuongezei sehemu ya hasara.

Tuchukue mfano. Motari anatoka kushoto, hasimami. Mwenye kinga anatoka kuume, haki ni yake, lakini kinga haina freni. Wanagongana. Hasara ya kinga ni faranga 80.000, ya pikipiki ni 200.000. Sehemu hazikuandikwa katika kitabu; juji anapima uzito wa kila kosa. Tuseme anampa motari sehemu 3 kwa 4, na mwenye kinga sehemu 1 kwa 4. Hesabu ni hii:

– motari anamlipa mwenye kinga 3/4 ya 80.000 = 60.000
– mwenye kinga anamlipa motari 1/4 ya 200.000 = 50.000

Tukitoa, motari anabaki na deni ya 10.000 tu. Mnaona? Mwenye haki ya kupita kwanza yeye pia analipa.

Na kama motari alibeba mteja? Mteja hakufanya kosa, kwa hiyo hapunguziwi kitu. Anaweza kudai hasara yake yote kwa mmoja wao, halafu wale wawili watapatana wenyewe. Kumbukeni pia: tangu 1973 chombo chenye motere lazima kiwe na asiransi. Kinga haina, mwenyewe analipa kwa mfuko wake.

3. Torati ilitangulia

Someni Kutoka 21:35-36. Ng'ombe wa mutu akimuua ng'ombe wa mwenzake, yule mzima anauzwa, na wote wawili wanagawanya bei. Hata yule aliyekufa wanamgawanya. Lakini kama mwenyewe alijua tangu zamani kwamba ng'ombe wake anapiga pembe, na hakumfunga, analipa ng'ombe mzima. Kujua kunaongeza deni.

4. Mwenye kinga ni mimi

Mfano ule si wa kutunga. Ilikuwa mwaka jana. Freni ilikuwa imekufa juma mbili, na nilijua. Watu walimzunguka motari, wakakamata ufunguo wake mpaka alipolipa 80.000 zote, na pikipiki akaitengeneza mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza juu ya freni. Nilinyamaza. Hata kapita wa wanafunzi anaweza kunyamaza.

Kwa hesabu ya hapo juu, alilipa 70.000 zaidi. Nilimtafuta kwenye kituo chao, nikamwambia. Alinitazama sana, halafu akauliza: "Na siku ile juu ya nini hukusema?" Sikuwa na jibu. Nimekwisha kumrudishia 30.000; zinazobaki nitamaliza mbele ya egzameni ya Serikali.

Maswali ya kujipima

a) Kama kinga ingekuwa na freni nzuri, sehemu zingekuwa gani?
b) Kama juji angesema nusu kwa nusu, nani angebaki na deni, na ya kiasi gani?
c) Freni ya kinga yako iko namna gani leo?

Mwenzenu, kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho