Injini ya Pampu Inapozimika Yenyewe



Masika yakishapita, ardhi ya Pwani hukauka upesi. Mwenye bustani ya nyanya, bamia au mchicha hapa Soga hutegemea maji ya kisima au ya bwawa. Wengi huvuta maji hayo kwa pampu ya petroli. Pampu ikisimama siku moja, mimea huvumilia. Ikisimama siku nne wakati nyanya zimetoa maua, maua hupukutika. Maua yakipukutika, mavuno yamekwenda.

Mara nyingi pampu hiyo haijafa. Injini yake inawaka, inanguruma kidogo, kisha inazimika yenyewe. Mwenye pampu huvuta kamba mpaka mkono unauma. Halafu hushika spana na kufungua kila kitu anachokiona. Jioni injini haiwaki kabisa, na skrubu mbili hazionekani.

Somo hili linafundisha njia nyingine. Linahusu injini ndogo ya petroli ambayo oili yake hutiwa mahali pake peke yake, wala haichanganywi na petroli. Injini ya namna hiyo imo katika pampu nyingi za maji, katika jenereta ndogo, na katika mashine ya kukata majani ya kusukuma kwa mkono.

INJINI NI KAMA JIKO

Watu wa Soga ni watu wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na zamani treni zake zilivutwa na injini za mvuke. Katika injini ya mvuke, moto uliwaka nje ya silinda na kuchemsha maji. Katika injini ya petroli, moto unawaka ndani ya silinda yenyewe. Mjerumani Nikolaus Otto aliunda injini ya namna hii mwaka 1876. Injini ya pampu yako hufuata mpango huo huo mpaka leo.

Kazi yake ina hatua nne. Kwanza, pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pili, pistoni inapanda na kukandamiza mchanganyiko huo. Tatu, plagi inatoa cheche, petroli inalipuka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Nne, pistoni inapanda tena na kutoa moshi nje.

Sasa fikiri juu ya jiko lako la mkaa. Jiko linataka vitu vitatu: mkaa, hewa na moto. Jiko likizimika, huvunji jiko. Unatazama kama mkaa umekwisha, au kama majivu yameziba hewa. Injini nayo inataka vitu vitatu: petroli, hewa na cheche. Tofauti ni moja. Jiko huwashwa mara moja tu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, petroli yake huwashwa mara 1,500 katika dakika hiyo moja. Kwa hiyo kitu kimoja kikikosekana kwa muda mfupi tu, injini inazimika.

Injini inayozimika imekosa kitu. Kazi yako ni kutafuta ilichokosa, kwa mpango, ukianzia kwenye jambo rahisi lisilo na gharama.

KWANZA KUMBUKA ILIVYOZIMIKA

Kabla ya kushika spana, jiulize: injini ilizimikaje?

Ilizimika ghafla, kama mtu aliyezima taa? Tazama oili, swichi na waya wa plagi.

Ilififia kidogo kidogo, ikapanda na kushuka, kisha ikafa? Petroli haifiki vizuri.

Ilitoa moshi mweusi na kukosa nguvu? Hewa haitoshi.

Ilifanya kazi dakika kumi au ishirini, ikafa, ikakaa kidogo, kisha ikawaka tena? Tazama mfuniko wa tangi.

USALAMA

Zima injini na uiache ipoe. Usitie petroli injini ikiwa ya moto. Usivute sigara, wala usiweke jiko au kibatari karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali.

Chomoa kofia ya waya kwenye plagi kabla ya kugusa sehemu inayozunguka. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mashine ya kukata majani. Ukizungusha kisu chake kwa mkono ili kutoa majani yaliyojisokota, injini inaweza kuwaka na kukukata vidole.

Usiwashe injini ndani ya nyumba, ndani ya banda lililofungwa, wala ndani ya kisima. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulegea, huzimia, kisha hufa bila kujua kinachomuua.

UKAGUZI KWA MPANGO

1. Oili. Weka injini mahali palipo sawa. Fungua kizibo cha oili utazame. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kinachoizima oili inapopungua, ili isiungue. Ukiweka pampu kwenye mteremko wa bwawa, kifaa hicho kinaweza kuizima hata kama oili ipo. Kwa hiyo sawazisha mahali kwanza. Kisha ongeza oili mpaka kwenye alama, usipitishe.

2. Petroli. Je, imo? Koki yake imefunguliwa? Imekaa tangini muda gani? Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza nguvu na kuacha utandu kama gundi. Mimina kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji yakiwamo, utayaona chini ya chupa, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli. Ukiona maji au uchafu, toa petroli yote, safisha tangi na chujio lake, kisha tia petroli mpya.

3. Mfuniko wa tangi. Mfuniko una njia ndogo ya kupitisha hewa. Petroli inapotoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake. Njia hiyo ikizibwa na matope, petroli haishuki. Injini ikizimika, ifungue mfuniko kidogo, ufunge tena, kisha uiwashe. Ikiwaka na kuendelea, kisha ikafa tena baada ya muda ule ule, ugonjwa ni mfuniko. Acha injini ipoe, uvue mfuniko na kuusafisha. Wengi wamefungua kabureta kwa sababu ya kitundu hiki.

4. Chujio la hewa. Vumbi la kiangazi huliziba upesi. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likamue, likauke kabisa. Kisha lipake oili kidogo na ulikamue tena. Chujio la karatasi usilioshe. Ligonge polepole vumbi litoke. Likiwa jeusi au limechanika, nunua jipya. Usiendeshe injini bila chujio. Mchanga ukiingia, hukwangua silinda, na hapo gharama yake ni kubwa.

5. Plagi. Injini ikiwa imepoa, fungua plagi kwa spana yake, uitazame ncha. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha kwamba petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Ikilowa petroli, cheche haiwashi. Ikiwa nyeupe sana, injini inapata joto kupita kiasi, labda petroli ni kidogo. Isafishe kwa brashi, uikaushe. Katika injini nyingi za pampu, nafasi ya ncha ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ukinunua mpya, soma herufi na namba zilizoandikwa juu ya ile ya zamani, uzinakili, uende nazo dukani. Kuirudisha, ianze kwa vidole, kisha ukaze kwa spana. Ukianza na spana unaweza kuharibu nyuzi za injini.

6. Kabureta. Hii ndiyo sehemu inayochanganya petroli na hewa. Ijie mwisho. Ipo dalili moja ya kuitambua. Kama injini inaishi choki ikiwa imefungwa tu, na inakufa ukiifungua, petroli inayopita ni kidogo. Pengine kitundu chembamba cha kabureta kimeziba. Funga koki ya petroli. Weka kopo chini ya bakuli la kabureta, ulegeze skrubu ya kumwagia uchafu. Maji na taka hutoka hapo. Kaza skrubu, fungua koki, futa petroli iliyomwagika, ngoja ikauke, kisha jaribu. Mara nyingi hilo linatosha. Kama halitoshi, mpelekee fundi. Usichokoe kitundu kwa waya mnene. Kikipanuka, injini itakula petroli nyingi kuliko kawaida.

Kila unapomaliza hatua moja, washa injini ujaribu. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya.

KAZI YA FUNDI

Kama umefuata hatua zote, na injini bado inazimika ikipata moto na kuwaka ikipoa, huenda koili inayotoa cheche imechoka. Kama kamba inavutika kwa wepesi usio wa kawaida, huenda mkandamizo umepungua. Hizo ni kazi za fundi. Lakini sasa utamweleza: "Oili ipo, petroli ni safi, plagi ni mpya, inazimika baada ya robo saa." Fundi atakwenda moja kwa moja kwenye ubaya, nawe hutalipia kazi ambayo umekwisha kuifanya.

WEKA DAFTARI LA INJINI

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo itumie bustanini. Andika hivi:

Tarehe 3 Julai. Kazi: saa 4. Nimesafisha chujio la hewa.
Tarehe 5 Julai. Kazi: saa 3. Imezimika mara moja. Mfuniko wa tangi ulikuwa na matope.

Jumlisha saa. Kwa injini nyingi za aina hii, oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, kisha kila baada ya saa 100 au miezi sita. Chujio la hewa husafishwa kila baada ya saa 50, na mapema zaidi penye vumbi. Mvua zikianza na pampu ikipumzika, toa petroli tangini na kwenye kabureta. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MANENO YA KUKUMBUKA

Plagi: kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda.
Kabureta: sehemu inayochanganya petroli na hewa.
Choki: kizuizi kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi.
Koili: kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche.

MASWALI

1. Taja vitu vitatu ambavyo injini haiwezi kuwaka bila hivyo.
2. Kwa nini pampu inaweza kuzimika kwenye mteremko ingawa ina oili?
3. Jirani yako anataka kuwasha pampu ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Utamwambia nini?
4. Injini ya Bi. Mwanaidi inazimika kila baada ya dakika kumi na tano. Akifungua mfuniko wa tangi, inawaka tena. Asafishe nini?

KAZI YA KIKUNDI

Mwombeni mwenye pampu mmoja kijijini ailete darasani ikiwa imepoa. Kila mwanakikundi aonyeshe kizibo cha oili, koki ya petroli, chujio la hewa na plagi. Kisha mmoja asome hatua kwa sauti, na mwingine azifuate kwa mikono.