Fungu la Binti Katika Urithi

Tuliulizwa darasani hapa Mambrui: mtu amekufa, naye wazazi wake walikwisha kutangulia. Ameacha shamba la minazi, mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Wale wa kiume wamelishika shamba miaka mingi bila ya kuligawa. Dada yao akija kuzuru hupewa nazi za kupikia, na siku ya Idi hupewa kanga. Je, haki yake imekwisha kutoka?

Ndugu zangu, haikutoka, wala haitatoka kwa nazi na kanga. Anachopewa mtu kwa hisani ya nduguye si sawa na kile alichopewa na Mola wake.

Na tuitazame hesabu yenyewe, maana wengi huliogopa jambo hili kwa kutolijua. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Na katika madeni hayo yamo mahari ya mke, ikiwa yalisalia katika dhima ya marehemu. Jambo ambalo huku kwetu ni nadra kutajwa, kana kwamba mauti ya mume huyafuta. Kinachobaki ndicho cha kugawanywa. Ikiwa ni minazi 80, mke ana thumuni yake, nayo ni minazi 10. Ile 70 hufanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume mafungu mawili, yaani minazi 28, na binti fungu moja, minazi 14. Mtoto wa chuoni aweza kuifanya hesabu hii. Lililo zito ni kuitoa hiyo 14.

Husemwa: dada ana mumewe, tukimpa, shamba la babu litaingia mikononi mwa watu baki. Hoja hii ni ya kale kuliko minazi yetu. Baada ya vita vya Uhud, mwaka 625, mjane wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume (S.A.W.) pamoja na binti zake wawili. Baba yao ameuawa vitani, na ami yao amechukua mali yote. Zikateremka aya za mirathi zilizomo katika Sura ya An-Nisaa. Na Mtume akamwamrisha yule ami awape mabinti thuluthi mbili, na mama yao thumuni, na kitakachosalia kiwe chake. Tazameni: ami hakunyimwa, bali aliwekwa mahali pake. Katika desturi ya zama zile jamaa ilikuwa ni wanaume wenye kubeba silaha, na wengine ni wa kutunzwa tu. Imani ikatufundisha kuwa nyumba ni watu wenye haki, kila mmoja peke yake, hata mtoto aliyemo tumboni.

Yuko atakayesema: dada yetu amekwisha kusamehe. Amesamehe lini? Mbele ya wazee, kichwa amekiinamisha, wala hajaambiwa fungu lake ni kiasi gani? Msamaha wa haya si msamaha. Na apewe kwanza, alijue, alishike mkononi mwake. Kisha akipenda kumpa nduguye, hiyo ni hiba yake.

Tena tukumbuke kuwa Waislamu wa nchi hii waliipinga sheria ya mirathi iliyoanza kutumika mwaka 1981, wakataka waachiwe sharia yao. Mwaka 1990 wakaachiwa. Na Katiba ya mwaka 2010 imezithibitisha mahkama za Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Basi ni aibu iliyoje kuidai sharia mbele ya Serikali, kisha kuificha mbele ya dada zetu! Kadhi yuko Malindi, ng'ambo tu ya mto Sabaki.

Muulizaji wetu alirudi akauliza: na nazi zilizouzwa miaka yote hiyo? Humo pia binti ana fungu lake, na mama ana lake, baada ya kutolewa ujira wa wakwezi na wapaliliaji. Tukamwambia aanze kwa mama: amwulize mahari yake yalikuwa kiasi gani, na kama aliwahi kuyapokea.