SOMO LA MWEZI: KISASI CHA MEDEA

Mwezi huu tutazame mchezo wa kuigiza wa Wagiriki wa kale uitwao Medea. Uliandikwa na Euripides, ukaonyeshwa Athene mwaka 431 K.K. katika mashindano ya sikukuu ya Dionysus, mungu wao. Washindani walikuwa watatu, naye akawa wa mwisho. Hata hivyo mchezo wake unaigizwa mpaka leo.

1. Alivyodhulumiwa
Medea alikuwa binti wa mfalme wa Colchis, mashariki ya Bahari Nyeusi. Kwa ajili ya Jason, mgeni aliyempenda, alimsaliti baba yake, akamwua ndugu yake, akaiacha nchi yake. Jason alimwapia kuwa mwaminifu. Lakini walipokuwa wakikaa Korintho na wana wao wawili, Jason alimwacha akamwoa binti wa mfalme Creon. Medea hakuwa na kwao pa kurudi.

2. Wanawake wa Korintho
Medea aliwaeleza wanawake wa mji taabu ya mke. Kwa Wagiriki mali ya ndoa ilitoka upande wa mwanamke. Basi, alisema, mke hutoa mali ili ajipatie bwana wa kumtawala. Wanawake waliona lalamiko lake ni la haki. Alipowaomba wasitoe siri akipata njia ya kumlipiza mumewe, wakakubali.

3. Hasira ilivyomshinda
Creon alimwogopa, akaamuru afukuzwe. Medea aliomba siku moja tu, akapewa. Siku hiyo aliwatuma watoto wampelekee bibi arusi vazi na taji ya dhahabu, vyote vimetiwa sumu. Bibi arusi akafa, na baba yake aliyemkumbatia akafa pia.

Kisha Medea akataka kuwaua wanawe mwenyewe, ili Jason abaki bila uzao. Wanawake walimsihi asifanye hivyo, lakini hawakumzuia. Alipowatazama watoto alisitasita. Alikiri kwamba anaujua ubaya wa tendo lile, ila hasira ina nguvu kuliko shauri lake. Akawaua, akaondoka katika gari alilopewa na Jua, babu yake. Hata maiti alimnyima Jason.

4. Tujifunze nini?
Euripides hasemi kwamba Medea hakudhulumiwa. Jason alivunja kiapo kweli. Lakini waliolipa ni watoto wasio na kosa. Wahenga walisema, "Hasira hasara." Medea aliiona hasara hiyo mapema, naye akaichagua.

Tuwaangalie pia wale wanawake. Kumhurumia aliyedhulumiwa ni vema. Kuahidi kunyamaza kabla hujajua atafanya nini ni jambo jingine. Walipotaka kumrudisha, walikuwa wamechelewa.

Maswali ya kuzungumza
(a) Ni wakati gani wanawake wa Korintho wangeweza kumsaidia Medea?
(b) Aliyesalitiwa na mwenzake anahitaji nini kwa jirani zake, zaidi ya kusikilizwa?
(c) Wazazi wanapogombana, watoto hutumiwaje kama silaha?