Kazi za Mikono za Msimu wa Baridi
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Kangari na vitongoji vyake

Ifikapo Julai, ukungu hushuka kutoka msitu wa Aberdare ukakaa juu ya mashamba ya Kangari hadi asubuhi kuchelewa. Baridi hupunguza kasi ya chipukizi, zamu ya kuchuna majani chai husogea mbele, na kilo zinazopelekwa kituoni hushuka. Hapo ndipo watu hupata saa ambazo shamba haliziitishi. Vijana waliofunga shule mwezi wa Agosti nao wako nyumbani. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya saa hizo.

Tunachosema ni hiki: chagua kazi moja ya mikono isiyo na gharama kubwa, uifanye kama uraibu, na usiiache mpaka umalize kitu kinachotumika. Ujuzi hupatikana katika kumaliza. Nyumba nyingi zina kitambaa kilichoishia nusu na sweta lisilo na mkono wa pili. Aliyeanza vitu vitano hivyo hajajifunza kama aliyemaliza kimoja, hata kikiwa kimepinda. Hatumwahidi mtu utajiri. Tunamwahidi mkono unaojua jambo ambalo mwaka jana haukulijua.

Kiondo

Tunaanza na kiondo kwa sababu walimu wake bado wako vijijini mwetu, na hawadai karo.

Zamani wanawake wa Murang'a, Nyeri na Kirinyaga walisuka vyondo kwa nyuzi za magome ya vichaka vya porini. Mkonge ulikuja baadaye. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida hadi nchi ambayo leo ni Tanzania bara, na kutoka huko zao hilo likaenea. Upande wa Thika na Makuyu kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge tangu enzi za wakoloni. Kwenye miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilivuka bahari kikawa mkoba wa mtindo Ulaya na Marekani, kisha nakala za viwandani kutoka Asia zikaja kuvuruga bei. Kilichobaki mikononi mwa shosho zetu ni ufundi wenyewe.

Uzi husokotwa kwanza. Msukaji huchukua nyuzi chache za mkonge zilizolainishwa, akaziviringisha juu ya paja kwa kiganja mpaka zishikane, kisha akaunga nyingine kabla ya zile za kwanza kuisha. Anayejifunza huona uzi wake ukiwa mnene hapa na mwembamba pale. Si kosa la kukatisha tamaa. Baada ya jioni kadhaa kiganja huanza kuhisi unene kabla jicho halijauona.

Kisha huja kitako. Kiondo huanzia katikati ya kitako chake: nyuzi za kusimama hulazwa zikipishana, halafu nyuzi mbili za kuzunguka hupita, moja mbele na moja nyuma ya kila uzi wa kusimama, zikibadilishana nafasi kila hatua. Kitako kinavyopanuka, nafasi kati ya nyuzi za kusimama huongezeka, kwa hiyo lazima uongeze nyingine. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Ukiwa na nyuzi 40 na ukaongeza moja baada ya kila nne, mzunguko unaofuata una 50. Ukiongeza nyingi mno, kitako hukunjamana. Ukiongeza chache, huanza kujikunja juu kabla ya wakati wake. Ukitaka ukuta upande, acha kuongeza. Ukitaka mstari wa rangi ukutane mwanzo na mwisho wake, lazima ujue idadi yako kabla hujagusa rangi. Mtoto wa darasa la tano anayesumbuliwa na sehemu na uwiano ataelewa mambo hayo akiwa na kitako cha kiondo mapajani, na tunawasihi wazazi wasilichukulie hili kuwa mchezo.

Vifaa ni mkonge, rangi kidogo ukipenda, na sindano butu ya kumalizia ukingo. Mkanda wa ngozi hushonewa mwisho, na fundi viatu anaweza kuushona.

Sweta la mtumba

Bei ya uzi mpya wa sweta imewavunja moyo wengi waliotaka kufuma. Lakini kwenye marundo ya mitumba kuna uzi tele uliokwisha fumwa, na mara nyingi ni wa sufu bora kuliko ule wa dukani. Unanunua sweta kubwa, unalifumua, unafuma upya.

Siri iko kwenye mshono wa ubavuni. Geuza sweta ndani nje kabla ya kulipa. Ukiona vipande viwili vimeunganishwa kwa mshono mwembamba kama mnyororo, na kingo za kila kipande ni nzima, lichukue: ukikata mshono huo, kila kipande kitafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Ukiona ukingo umekatwa kwa mashine na kuzungushiwa nyuzi za kuzuia kuchanika, liache. Hilo lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kipana, na ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi visivyofaa kitu. Angalia pia kama sufu imeshikana kwa kuoshwa na maji moto. Ikiwa imeshikana haifumuki.

Anza kufumua kutoka juu, shingoni au begani, ukizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Utatoka umejikunja. Ufunge mahali pane, uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kisha uning'inize ukiwa na kitu kizito kiasi upande wa chini mpaka ukauke. Unanyooka.

Kwa anayeanza tunapendekeza kroshia kabla ya sindano mbili. Sindano yake ni moja, ina ndoano, na ukikosea unavuta uzi tu unarudi ulipokosea. Kitambaa cha kochi ni kazi nzuri ya kwanza kwa kuwa ni cha duara au mraba na hakihitaji kipimo cha mwili. Kofia ya mtoto mchanga ifuate. Sweta la shule lije baadaye, kwa sababu hapo kuna shingo, makwapa na urefu wa mikono, na kipimo kikikosewa mvaaji atajua.

Anayetaka kuona sufu inaweza kufika wapi atembelee Nanyuki, ambako kina mama wa kikundi cha kusokota na kufuma kilichoanzia kanisani wanaifanya kazi yote kwa mkono: kuosha sufu ya kondoo, kuichana, kuisokota, kuitia rangi za mimea na kuifuma kuwa mazulia.

Nyingine kwa ufupi

Kijana anayependa kuchora ajaribu herufi za mabango. Makaa ya jikoni na katoni tupu yanatosha. Apige mistari miwili, aandike jina la duka akihakikisha herufi zote zinagusa juu na chini na nafasi kati yake zinalingana machoni. Maduka ya miji yetu bado yanaandikwa kwa brashi, na mwenye mkono uliotulia huitwa.

Kuotesha miche nako ni uraibu. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, alianzisha Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini waliojiunga nayo walijifunza kukusanya mbegu za miti ya kienyeji na kuziotesha kwa vyombo vilivyokuwa karibu, hata vyungu vilivyovunjika. Hawakuwa na diploma ya misitu. Mti wao uliota kama wa mwenye diploma.

Wasukaji wa vikapu vya mianzi tunawaomba jambo moja: msikate mianzi ya msitu wa serikali bila kibali. Ulizeni kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu, au mpande wenu kando ya mto.

Macho, mikono na moshi

Kazi ya uzi mweusi usiku kwa taa hafifu huumiza macho. Fanya uzi mweupe jioni, mweusi mchana. Rangi zichemshiwe nje, na sufuria ya rangi isirudi kupikiwa chakula hata ikisuguliwa namna gani. Anayechonga asukume kisu kuelekea mbali na mwili wake, na mtoto asichonge peke yake.

Shule na cheti

Tangu mwaka 2019 mtaala wa umilisi umeingia madarasani kote nchini, na wazazi wanajua jinsi mtoto anavyorudi nyumbani akiambiwa alete kikapu, mdoli au mkeka. Tabia ya mzazi kununua kitu hicho sokoni au kukitengeneza usiku mtoto amelala inamnyima mtoto somo lenyewe. Kikapu kibovu cha mtoto kina thamani kuliko kizuri cha mamake.

Kwa mtu mzima, uraibu unaweza kufika kwenye cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini ufundi kwa gredi tatu, ya tatu ikiwa ya kuanzia na ya kwanza ikiwa ya juu. Ushonaji wa nguo, useremala na uashi ni miongoni mwa fani zinazotahiniwa, na mtahiniwa anaweza kuwa amejifunzia kazini au kwa fundi. Aliyeanza kwa kufupisha suruali za jirani kwa cherehani ya mamake anaweza kukaa mtihani huo. Ulizia ada na tarehe kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu.

Kuhusu kuuza

Swali la soko huja mapema mno. Mtu husuka kiondo cha kwanza Jumatatu na Ijumaa anauliza mnunuzi yuko wapi. Ushauri wetu ni kwamba usikiuze. Kibebee viazi na kabichi. Utaona mkanda unaachia wapi, kitako kinalegea baada ya muda gani, na rangi inachuja ikinyeshewa au la. Cha pili kitakuwa bora kwa sababu hiyo, na kuanzia cha tatu unaweza kuzungumzia bei. Unapopanga bei, hesabu saa zako. Kina mama wengi huhesabu mkonge na kusahau jioni walizokesha, kisha hushangaa mbona biashara haiwalipi.

Mwisho tunawageukia nyinyi shosho zetu mnaojua kusokota na kusuka. Wajukuu wengi hawajui kwa sababu hawakuwahi kukaa karibu nanyi kwa muda wa kutosha. Likizo hii ya Agosti, kila mmoja wenu amchukue mtoto mmoja, wa kike au wa kiume, amketishe kando yake na kumpa mkonge wake mwenyewe. Uzi ukimpotoka, msimnyang'anye mkamalizia nyinyi.