Kwa nini somo linapotea mbele ya tablo?



Kila mmoja anamjua mwanafunzi huyu, na wengine kati yetu ndiye sisi wenyewe. Usiku anasoma na kitochi, analisema somo lote toka mwanzo hata mwisho bila kukosa. Asubuhi mwalimu anamwita ku tablo. Anashika chaki, mikono inatoka jasho, moyo unapiga mbio, na lile somo linaenda zake. Kalasi inacheka. Anarudi kukaa, na mbele ya dakika mbili kupita yote yanamrudia palepale kwenye benchi! Jioni anatuambia: «Mi nilisoma yote, lakini ku tablo vyote vilikimbia.» Watu wanasema amelogwa, ao ni mwoga, ao hana akili.

Sisi wa seksio ya pedagojia tulisoma mwaka huu sura juu ya kujifunza na kufikiri, na tumeona inajibu hili neno vizuri kuliko uchawi. Tunaiandika hapa kwa sababu wenzetu wa seksio nyingine hawana saa ya psikolojia, lakini wao pia wanaitwa ku tablo.

Tuanze na neno lenyewe. Katika psikolojia, kujifunza ni badiliko linalodumu katika ujuzi ao mwenendo wa mtu, linalotoka katika mambo aliyoyapitia. Mtoto kuota meno si kujifunza, ni kukua tu. Lakini mtoto ambaye anaanza kulia akiona koti nyeupe ya muuguzi, hata sindano haijatoka, huyo amejifunza kitu. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Mwili wake ndio ulijifunza. Tushike mfano huu, maana habari ya tablo iko ndani yake.

Aliyeonyesha wazi namna mwili unavyojifunza ni Mrusi mmoja, Ivan Pavlov. Alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Ryazan, mtoto wa padri wa Kanisa la Orthodox, akaanza masomo ya seminari, kisha akaiacha na kufuata sayansi. Mwaka 1904 alipewa tuzo ya Nobel, si juu ya psikolojia, bali juu ya kazi yake kuhusu namna tumbo linavyosaga chakula. Katika kazi hiyo alikuwa akipima mate ya mbwa, na akaona jambo ambalo kwanza lilikuwa linamharibia kazi: mbwa walitoa mate mbele ya kupata chakula, wakisikia tu hatua za mtu anayekileta. Mwingine angekasirika na kubadilisha mbwa. Yeye akaacha yale mengine na kufuata neno hili miaka mingi.

Watu wengi wanasema alipiga kengele. Lakini chombo alichokitumia sana ni metronomu, kile kinachopiga tok, tok, tok, ambacho wanamuziki wanatumia kushika mwendo wa wimbo. Kwanza mbwa anasikia tok tok: hakuna mate. Kisha, kila mara metronomu inapopiga, chakula kinafuata. Baada ya kurudia mara kadhaa, metronomu inapiga peke yake na mate yanatoka. Chakula ni kichocheo cha asili, na mate juu ya chakula ni jibu la asili. Metronomu ilikuwa kitu cha bure, lakini sasa imekuwa kichocheo cha kufunzwa, na mate yanayoifuata yanaitwa refleksi ya kufunzwa. Kazi yote ya kufungamanisha vitu hivi viwili tunaiita kondisionema.

Kuna jambo lingine ambalo wanafunzi wanalisahau kwenye interogasio, nalo ndilo la faida zaidi. Pavlov alipopiga metronomu mara nyingi bila kuleta chakula, mate yalipungua hata yakaisha. Hiyo inaitwa kuzimika. Lakini mbwa akipumzishwa kisha akasikizishwa tena, mate kidogo yanarudi. Basi kuzimika si kufutika. Tutaona chini kwa nini neno hili linatuhusu.

Tuache mbwa, tuende kwa watu. Mwaka 1920, Waamerika wawili, John Watson na Rosalie Rayner, waliandika habari ya mtoto mmoja wanayemwita Albert, mwenye miezi 11. Walimwonyesha panya mweupe, naye hakuogopa, alitaka kumshika. Kisha, kila alipomgusa panya, mtu nyuma yake alipiga chuma kwa nyundo kwa kishindo kikubwa. Mara saba tu zilitosha. Baada ya hapo mtoto akiona panya, hata bila kishindo, alilia na kukimbia kwa magoti. Tena hofu haikubaki kwa panya peke yake: akaogopa sungura, mbwa, hata koti ya manyoya. Waandishi hao hawakuiondoa ile hofu kabla mtoto hajaenda. Kwetu sisi kazi ile ilikuwa mbaya, na leo hakuna chuo chenye sheria nzuri kingeiruhusu. Lakini ilionyesha kwamba hofu inaweza kufundishwa, na kwamba inatambaa toka kitu kimoja hadi vyote vinavyofanana nacho.

Sasa turudi ku tablo. Tablo yenyewe ni mbao na rangi nyeusi, haimchokozi mtu. Ni kama panya mweupe. Lakini siku moja mtoto aliitwa pale, akakosa, na kishindo kikafuata: fimbo, ao matusi, ao kicheko cha kalasi nzima. Siku nyingine vilevile. Baadaye kishindo hakihitajiki tena, tablo peke yake inatosha kuleta jasho na moyo wa mbio. Na hofu inatambaa: toka tablo inakwenda kwa mwalimu wa hesabu, toka mwalimu inakwenda kwa hesabu zote, mwisho hata asubuhi ya siku yenye saa ya hesabu inaleta maumivu ya tumbo. Kumwambia mtu huyu «Usiogope!» ni kazi bure. Mate ya mbwa hayakungoja amri, na jasho la mikono pia haliulizi ruhusa.

Lakini je, hofu hii inafukuzaje somo toka kichwani? Wataalamu wanasema tuko na akiba mbili. Moja ni akiba kubwa, ghala la mambo yote tunayoyajua. Nyingine ni ndogo, kama meza ya fundi, ambapo tunaweka vitu vichache vya kazi ya sasa: namba ninazozidisha, ile ninayobeba, hatua inayofuata. Kufikiri kunafanyika juu ya meza hii. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba watu wanaoogopa hesabu wanakosa zaidi pale ambapo hesabu inadai kubeba mambo mengi kichwani kwa mara moja. Hofu yenyewe inakaa juu ya meza: «Watanicheka, nitapata zero, baba atasema nini.» Basi nafasi ya hesabu inakwisha. Somo halikutoka ghalani, ndiyo maana linarudi mtu akiisha kukaa. Mwenzetu si mjinga hata kidogo. Meza yake imejaa.

Na mtu mwenye meza iliyojaa anafanya nini? Anashikilia maneno. Anakariri kanuni nzima kama wimbo, kwa sababu wimbo unajiendesha wenyewe bila kufikiri. Hapa tunafika kwa ugonjwa wa pili wa masomo yetu, nao ni ndugu ya ule wa kwanza.

Max Wertheimer, mtaalamu aliyezaliwa Prague, aliandika juu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1945. Aliingia kalasi ambapo mwalimu alikuwa amefundisha vizuri sana namna ya kupata eneo la paralelogramu: shusha mistari toka pembe za juu, refusha msingi, zidisha msingi kwa kimo. Watoto walifanya mazoezi yote bila kosa. Kisha Wertheimer akachora paralelogramu ileile, lakini imesimama juu ya upande wake mfupi. Wengi wakashindwa, na wengine wakajibu kwamba hawajasoma ile. Anaeleza pia juu ya mtoto mdogo ambaye hakujua kanuni yoyote: aliangalia umbo, akaona limezidi upande mmoja na kupungua upande mwingine, akaomba mkasi. Akakata kile kilichozidi, akakiweka pale palipopungua, na umbo likawa mstatili. Mtoto huyo alifikiri. Wale wengine walikuwa na refleksi: umbo likilala vile, mkono unaandika hivi.

Hatusemi kukariri ni dhambi. Jedwali la kuzidisha lazima likaririwe, na maneno ya Kifaransa pia. Vitu hivyo vikijiendesha vinaacha nafasi juu ya meza. Tunasema kwamba anayekariri kanuni bila kujua imetoka wapi, siku ya Egzamen ya Leta swali likigeuzwa kidogo, atasema kama wale watoto.

Sasa tufanyeje? Habari njema ilitoka mwaka 1924, kwa mama mmoja, Mary Cover Jones. Alimsaidia mtoto aitwaye Peter, ambaye hakufika bado miaka mitatu na aliogopa sana sungura. Peter alipewa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya kifungo chake. Siku kwa siku walimsogeza karibu kidogo, si zaidi ya pale mtoto anapoweza kula kwa raha. Siku nyingine waliweka pia watoto wengine wasioogopa wacheze na sungura mbele yake. Mwisho Peter alimwacha sungura amtafune vidole.

Hii ndiyo dawa ya tablo, na haihitaji feza. Wakati wa etidi ya jioni, kalasi ikiwa tupu, nenda na rafiki mmoja, andika ku tablo hesabu unayoijua kabisa. Tok tok bila kishindo. Siku nyingine waite rafiki watatu. Siku nyingine hesabu ngumu kidogo. Hofu itazimika polepole. Baada ya vakansi inaweza kurudi, kama mate ya mbwa aliyepumzika. Usiseme «Nimeshindwa», rudia tu, safari hii inazimika upesi zaidi.

Lakini yule anayejifanya mgonjwa kila siku ya hesabu hawezi kupona, na sababu iko katika kazi za Skinner, mtaalamu mwingine wa Marekani. Tendo linalofuatwa na raha linarudiwa, na kuondolewa mateso pia ni raha. Mtu akikwepa saa ya hesabu anapumua, na kile kupumua ni mshahara: kesho atakwepa tena. Na kwa kuwa hafiki ku tablo, mwili wake haupati nafasi ya kuona kwamba kishindo hakipo tena.

Ni kweli, kishindo lazima kisiwepo. Ukimsogeza mwenzako karibu na sungura huku wengine wanapiga nyundo, unaongeza ugonjwa. Nyundo ya kalasi zetu mara nyingi si mwalimu, ni sisi kwenye benchi. Na sisi wa pedagojia tuna deni zaidi, maana kwenye staji tunasimama mbele ya watoto wa shule ya msingi, chaki mkononi, na mtoto mmoja hapo mbele anapitia mara yake ya kwanza kati ya zile saba.

Neno la mwisho juu ya kusoma usiku. Wengi wetu tunasoma kayee mara nne, mara tano, macho yanazoea karatasi, tunasema tumejua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waligawa wanafunzi makundi. Wote walisoma kipande cha habari. Kisha kundi moja lilikisoma tena, na lingine lilifunika karatasi likaandika yote linayokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele, 81 kwa mia juu ya 75. Lakini baada ya juma moja waliofunika karatasi walikumbuka 56 kwa mia, na wale wengine 42. Basi funga kayee, chukua karatasi tupu, andika. Itakuuma zaidi, na utajiona hujui. Lakini ni afazali ujue hilo usiku kuliko asubuhi.

Zoezi kwa wasomaji wote, hata wa mwaka wa kwanza. Kata paralelogramu ya karatasi: pande mbili ndefu za sentimita 12, pande mbili fupi za sentimita 5. Ikilala juu ya upande mrefu, kimo chake kiwe sentimita 4. Sasa isimamishe juu ya upande mfupi. Bila kupima na rula, kimo kipya ni sentimita ngapi? Majibu yawekwe ndani ya sanduku la buletini mbele ya Ijumaa, na kila mmoja aandike pia namna alivyopata. Jibu bila namna hatutalihesabu.

Wanafunzi wa seksio ya pedagojia