Chapati Sili, Sababu Ninayo: Kuishi Bila Gluteni Stockholm na Kupata Wenzako

Toleo hili naomba tuongelee jambo ambalo wengi wetu tukilisikia tunacheka: mtu mzima kukataa chapati kwa sababu ya afya. Nyumbani tungesema anaringa, au ameshika magonjwa ya Wazungu. Mimi ni mhandisi, siyo daktari, ila huu ni mwaka wangu wa tano nikiishi na ugonjwa wa seliaki hapa Stockholm, na najua wapo kati yetu wanaougulia tumbo kimya kimya. Somo hili ni lao, na pia ni la wanaopika nao.

1. Ugonjwa wenyewe

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo mwembamba, na vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula vinasagika. Hapo ndipo huja kuharisha, tumbo kujaa gesi, kukonda, kupungukiwa damu na uchovu usioisha. Wengine tumbo haliwaumi kabisa, wanachoka tu. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Na siyo wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 kwa kila 100 walikuwa nao. Hapa Sweden, watoto waliozaliwa 1993 walipopimwa wakiwa na miaka 12, walikutwa nao karibu 3 kwa kila 100. Sisi tumekulia kwenye ugali wa mahindi, wali, matoke, muhogo na mtama, ambavyo vyote havina gluteni. Ukifika huku ni mkate asubuhi, tambi mchana, na saa ya fika andazi la mdalasini. Tumbo likigoma, usikimbilie kusema ni baridi au ni mitihani.

2. Pima kabla ya kuacha

Hapa wengi wanateleza. Usiache ngano kabla ya kupimwa! Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na ukiacha gluteni zinapungua, kipimo kinaweza kusema huna kitu. Endelea kula kawaida, nenda kituo cha afya cha mtaani kwako, yaani vårdcentral, au piga 1177 upate ushauri. Mara nyingi baada ya damu huchukuliwa vipande vidogo vya utumbo kuthibitisha. Ukithibitishwa, omba upelekwe kwa mtaalamu wa lishe, dietist.

3. Kutafuta wenzako

Waswidi kila jambo wana chama chake, förening, na ndivyo wanavyosaidiana. Kwa ugonjwa wetu kipo Svenska Celiakiförbundet, chama cha taifa chenye matawi ya mikoa, Stockholm ikiwemo. Vijana nao wana chama chao, Svenska Celiakiungdomsförbundet, kifupi SCUF. Fanya hivi:

- Waandikie tawi la Stockholm, hata kwa Kiingereza. Uliza ada ya mwaka, na mkutano ujao ni lini.
- Muulize dietist wako kuhusu kozi au vikundi vya wagonjwa wapya.
- Waambie wenzako wa darasani. Nchi hii ina wagonjwa wengi, usishangae jirani yako wa maabara akakwambia, "hata mimi."

Faida yake kubwa ni yale maarifa madogo madogo: mkate gani unalika, mgahawa gani wanajua wanachofanya jikoni. Ila tusidanganyane, huko hutakuta mtu wa kukueleza habari za sambusa au uji wa lishe. Ndiyo maana nasema tunahitaji pia kikundi chetu wenyewe. Watu watatu wanatosha kuanza: tukutane mara moja kwa mwezi, tupike, tulinganishe vibandiko vya bidhaa kutoka maduka ya vyakula vya Kiafrika.

4. Jikoni

Jifunze maneno manne: vete ni ngano, råg ni rai, dinkel ni jamii ya ngano, na korn ni shayiri. Hilo la mwisho ni mtego kwetu tuliosoma Kiingereza, tunadhani ni mahindi. Mahindi ni majs. Halafu kuna wanaosonga ugali kwa mannagryn wakikosa unga wa nyumbani. Hiyo ni ngano tupu! Injera ya teff peke yake ni salama, ila nyingi huku huchanganywa na ngano au shayiri, kwa hiyo uliza.

Neno "glutenfri" kwa sheria za Ulaya maana yake ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi, yaani miligramu 2,000. Piga hesabu: sehemu moja ya mia ya kipande hicho inatosha kuharibu kilo nzima ya chakula. Kwa hiyo kwenye jiko la korido, kama yale ya Lappis, uwe na mwiko wako, kibao chako na kikaango chako. Kikausha mkate cha wote usikiguse.

5. Kwa wenyeji wetu

Najua kwetu mgeni asipokula ni kama ametukana nyumba. Lakini usimwambie mwenzako "kidogo tu haidhuru." Inadhuru. Mpakulie yeye kwanza, kabla kijiko cha mchuzi hakijagusa chapati, na umwoneshe pakiti ya viungo ajisomee. Akikwambia hapana, amini.

Maswali ya kujipima

a) Kwa nini usiache ngano kabla ya kipimo?
b) Rafiki amesonga ugali wa mannagryn. Mwenye seliaki ale au asile?
c) Pakiti ya nafaka imeandikwa korn. Ndani kuna nini?

Ukiyajibu yote, unaweza kumpikia mwenzako. Anayetaka tuanze kikundi aje tuonane baada ya mkutano ujao wa chama. Ugali nitasonga mimi, wa mahindi, na mwiko nitakuja nao.